Ua Lenye Ulimbo Shingoni

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ndogo ya ua jekundu lenye petali tano, ambalo bua lake lilikuwa limewanasa visubi wanne, na chini yake tukaandika mstari mmoja tu: kwamba mmea huo ni wa jenasi ya Silene, ambayo jina lake la Kiingereza lina maana ya "mnasa nzi". Mstari huo haukuwatosha wasomaji, na barua zilizofika ni nyingi kuliko nilivyotarajia kwa ua ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina lililozoeleka kwa mimea hii, katika safu hii nitaiita mimea ya ulimbo, kwa sababu yeyote aliyekulia shamba anaujua ule utomvu unaopakwa kwenye vijiti ili kunasa ndege, na atakayeshika bua la mmea huu kwa vidole viwili hatahitaji kuelezwa zaidi. Baadhi ya barua nimezifupisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Tanga. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wamebishana siku mbili kuhusu picha yenu. Nusu wanasema mmea huo unakula wadudu, nusu wanasema mmea hauwezi kula. Je, unakula? Na kama hauli, unawanasa wa nini?

Mwalimu, hauli. Walioona wadudu waliokufa kwenye bua hawakukosea, lakini kunasa ni jambo moja na kula ni jambo jingine. Ili mmea uhesabiwe kuwa mla wadudu ni lazima umvute mdudu, umuue, uumeng'enye mwili wake, kisha ufyonze virutubisho vinavyotoka humo. Drosera, ambayo hata hapa kwetu huota kwenye ardhi chepechepe isiyo na rutuba, hufanya hayo yote: vinyweleo vyake vyenye matone ya gundi hujikunja polepole juu ya mdudu na kummwagia vimeng'enya. Mmea wa ulimbo haujikunji. Mdudu aliyenaswa hukauka palepale aliponasia mpaka upepo au mvua imwondoe, na wataalamu hawauweki mmea huu katika kundi la mimea inayokula wadudu. Wanafunzi wa upande wa pili, hata hivyo, wasishangilie mno, kwa maana wao walisema hakuna mmea unaokula, na Drosera wa watu yupo.

Sasa kwa nini unawanasa? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ulimbo ni mlinzi wa mlangoni. Ua la jenasi hii lina kikombe kirefu chembamba, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, imewekwa chini kabisa ya kikombe hicho. Mbochi ni ujira, na mmea unataka kumlipa mgeni mmoja tu, yule anayefika akiruka kutoka ua jingine la spishi hiyohiyo huku mwili wake umebeba chavua. Sisimizi anayetambaa kutoka ardhini hana faida hiyo. Atapanda, atakunywa, atashuka, na ua litabaki bila mbochi na bila kuchavushwa. Ndiyo sababu ulimbo umewekwa njiani mwa mtu wa miguu, wala si kwenye petali anapotua mwenye mabawa. Katika Silene viscaria ya Ulaya jambo hili linaonekana waziwazi: bua ni laini na kavu karibu na ardhi, lakini kila ukipanda juu unakuta, chini kidogo ya kila fundo ambapo majani mawili hukabiliana, pete yenye rangi ya zambarau iliyoiva inayong'aa kama imepakwa asali. Ukiigusa, kidole kinatoka na uzi mwembamba. Sisimizi anayepanda hufika kwenye pete ya kwanza akageuka, au akaendelea akakwama.

Ulinzi huo una kasoro moja ambayo wanafunzi wako wataifurahia. Wapo nyuki wenye ulimi mfupi usioweza kufika chini ya kikombe, nao hutua pembeni, wakatoboa tundu karibu na kitako cha ua na kunyonya mbochi bila kupita mlangoni, kama mwizi anayeuacha mlango wenye komeo akatoboa ukuta wa udongo. Dhidi ya huyo, ulimbo wa kwenye bua haufui dafu.

Nimesoma mahali kwamba ua hili ni la "familia ya karafuu". Sisi huku Pemba tunaishi na mikarafuu tangu enzi za mababu, na hatujaona ndugu wa namna hiyo. Naomba ufafanuzi.

Aliyeandika hivyo ametatanishwa na jina. Familia ya mimea ya ulimbo kwa Kilatini ni Caryophyllaceae, na neno hilo lina asili moja na karafuu: Wagiriki waliita karafuu karyophyllon, Waarabu wakasema qaranful, nasi tukapata karafuu. Familia ilipata jina hilo kupitia ua la bustanini liitwalo Dianthus caryophyllus, ambalo harufu yake inakaribia ya karafuu. Undugu ni wa harufu tu. Mkarafuu wenyewe ni wa familia nyingine kabisa, pamoja na mpera na mzambarau.

Naandika kutoka Mombasa. Mimea hii iko ya aina ngapi, na inaishi wapi? Dada yangu anayesoma chuo ananiambia mingine ni dume na mingine ni jike, nikadhani ananitania.

Hakukutania, na wewe mwenye mpapai uani ungekuwa wa mwisho kumshangaa. Kama mpapai dume unavyotoa maua bila kuzaa ilhali mpapai jike unabeba, ndivyo ilivyo kwa Silene latifolia, yenye maua meupe yanayofunguka jioni: mmea mmoja hutoa chavua tu, mwingine hutoa mbegu tu, na tofauti hiyo inatokana na kromosomu za X na Y, kama kwa binadamu. Spishi hiyo ina ugonjwa wa kuvu wenye hila ya ajabu. Kuvu huingia kwenye ua, na mahali ambapo stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zingetoa chavua ya manjano hutoa vumbi jeusi la kuvu, ambalo nondo hulibeba hadi ua la pili akidhani amefanya kazi yake ya kila usiku. Zaidi ya hayo, ukiambukizwa mmea jike, ambao kwa kawaida hauna stameni, kuvu huulazimisha kuziotesha ili apate pa kuzalia vumbi lake.

Kuhusu idadi, jenasi ya Silene ni kubwa. Makadirio huanzia spishi 700 hivi hadi karibu 900, kutegemea mtaalamu anaweka wapi mpaka wake na jenasi za jirani. Carl Linnaeus aliichapisha kwa jina hilo mwaka 1753, na jina mara nyingi huhusishwa na Silenus, mzee mlevi wa hadithi za Kiyunani aliyechorwa akiwa ametapakaa povu, jambo ambalo kwa mmea unaonata si tusi kubwa. Spishi nyingi ziko kaskazini mwa Ikweta, hasa kuzunguka Bahari ya Kati na kusini-magharibi mwa Asia. Makazi yake hayafanani. Silene acaulis hukaa kwenye vilele vya Alps na nchi za karibu na Ncha ya Kaskazini, ikiwa imejikunyata kama mto wa kulalia wa kijani usiozidi kimo cha kidole, na mto mmoja waweza kuishi zaidi ya miaka 300. Silene noctiflora huota mashambani katikati ya ngano. Nyingine ziko ufukweni, nyingine kwenye nyufa za miamba, na nyingine katika nyika za nyasi, ambazo nitazirudia kwa sababu ndiko kwenye habari yenyewe.

Lakini kabla sijakuacha, naomba nikueleze ua moja kwa karibu, kwa kuwa ndilo lililonivutia katika somo hili. Silene nutans huishi kwenye miamba na kingo kavu za Ulaya. Mchana huwezi kulitazama mara ya pili: petali zake zimejikunja kama vipande vya karatasi vilivyoachwa juani. Jua likizama zinajikunjua, harufu inatoka, na nondo wanakuja. Ua moja huishi usiku tatu kwa mpango huu: usiku wa kwanza stameni tano hutoka nje na kumwaga chavua, asubuhi zimenyauka, na petali zinajikunja tena. Usiku wa pili hutoka stameni tano zilizobaki. Usiku wa tatu, chavua ikiwa imekwisha, ndipo sehemu ya kike hujitokeza kupokea chavua ya kwingine. Kwa njia hiyo ua halijichavushi lenyewe. Spishi hii kwa Kiingereza ilipewa jina la mji wa Nottingham kwa kuwa iliota kwenye kuta za ngome yake; kule ngomeni ilikwisha kutoweka, jina likabaki.

Nondo wa jenasi ya Hadena wanaoihudumia mimea hii si wageni wa kutakia heri tupu. Jike hunywa mbochi, huacha chavua, kisha hutaga yai ndani ya ua lilelile, na kiwavi anayeanguliwa hula mbegu ambazo mama yake amesaidia kuzitunga. Mmea unalipa mara mbili, na bado hesabu inatoka, kwa sababu zipo mbegu anazozisaza.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Julai iliyopita nilipelekwa na mfanyakazi mwenzangu kuona makaburi ya zamani ya walowezi, magharibi mwa mji, madogo kama kiwanja cha nyumba, yaliyozungukwa na mahindi na soya kila upande. Kati ya mawe ya makaburi kulikuwa na nyasi ndefu na ua jekundu sana linalonata. Nikaambiwa kwamba mahali pale huchomwa moto kwa makusudi. Ndugu mwandishi, kuchoma makaburi moto si kuwakosea adabu waliolala? Na maua yenyewe hayafi?

Kwa maelezo yako, bila shaka ulikuwa Bigelow Cemetery, katika kaunti ya Madison, hifadhi ya jimbo yenye ukubwa wa nusu ekari tu. Ua uliloliona ni Silene regia, ambalo kwa sifa zake lilipewa jina la kifalme, na hiyo nusu ekari ina historia inayostahili jibu refu.

Kabla walowezi hawajafika, eneo hilo lilikuwa sehemu ya nyika za nyasi zilizoenea kutoka Ohio kuelekea magharibi, nyasi zenye mizizi mirefu kiasi kwamba plau za chuma cha kusubu ziliganda kwenye udongo wake. Mwaka 1837, kule Illinois, mhunzi John Deere alitengeneza plau ya chuma cha pua kilichosuguliwa, ambayo udongo ule mzito uliteleza juu yake badala ya kushika, na tangu hapo nyika ikageuzwa shamba kwa kasi ambayo hata wakulima wenyewe hawakuitarajia. Sehemu zilizosalimika ni zile ambazo plau haikuruhusiwa kuingia: kando ya reli, kwenye miteremko yenye mawe, na makaburini. Kwa hiyo, msomaji wangu, maua yale yapo kwa sababu ya heshima kwa wafu. Waliozikwa pale ndio waliolinda udongo, ingawa hakuna aliyewaagiza.

Sasa moto. Nyika za namna ile zilikuwa zikiungua tangu zamani, kwa radi na kwa mikono ya wenyeji waliokuwapo kabla ya walowezi, na mimea yake imezoea. Silene regia ina mzizi mkuu mnene unaozama chini, na vichipukizi vyake hukaa chini ya uso wa udongo, kwa hiyo moto unaopita haraka juu ya nyasi kavu, katika msimu ambao mmea umelala, huunguza mabua yaliyokwisha kufa na kuacha uhai ulioko chini. Usipopita moto kwa miaka mingi, nyasi kavu hurundikana, vichaka na miti huingia, kivuli kinafunika ardhi, na miche midogo ya ulimbo haipati mwanga. Mmea mkubwa huweza kuvumilia kivuli kwa miaka, ukatoa maua machache, ukamdanganya mpita njia kwamba mambo ni mazuri, kumbe hakuna mtoto hata mmoja anayeota chini yake.

Hilo si la kukisia. Watafiti Eric Menges na Rebecca Dolan walifuatilia makundi 16 ya Silene regia katika majimbo ya Midwest, yaani ya katikati-kaskazini mwa Marekani, baadhi yake kwa miaka hadi 7, wakahesabu mimea inayozaliwa, inayokua na inayokufa, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo: makundi yaliyochomwa moto yalikuwa na matumaini makubwa ya kuendelea, na yale yasiyochomwa mengi yalielekea kupungua. Menges alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1991 jambo jingine linalotisha kidogo, kwamba mbegu kutoka makundi madogo huota kwa kiwango cha chini kuliko mbegu za makundi makubwa. Kundi dogo huzaana lenyewe kwa lenyewe, na pia halimvutii sana mchavushaji, ambaye kwa ua hili ni ndege kolibri mwenye koo jekundu, mwenye uzito wa gramu 3 hivi, anayefanya kule kazi ambayo huku kwetu hufanywa na chozi. Kolibri hupita haraka. Panapokuwa na maua mia hukaa, panapokuwa na maua manne hapotezi muda.

Kwa hiyo wanaochoma nyasi za Bigelow wanafanya usafi wa makaburi kwa njia ya kale kuliko fyekeo. Ombi langu kwako ni moja: usichume ua wala usichukue mbegu. Ni hifadhi, jambo hilo haliruhusiwi, na katika kundi dogo kama lile kila tunda lina hesabu yake. Tazama tu tunda likikauka mwezi wa Septemba: linafunguka juu kwa meno madogo, nalo hukaa wima kama kichupa cha chumvi chenye matundu, likisubiri upepo utikise bua ili mbegu zirushwe moja moja.

Mimi ni mkulima, niko Dodoma. Nasema bila kuficha: nchi zenye pesa zinaweza kuhangaika na ua lisiloliwa wala kutibu mtu. Sisi tuna shida za maji. Kwa nini gazeti linapoteza kurasa?

Mzee wangu, swali lako ni halali, na sitakujibu kwamba huenda siku moja dawa ya saratani itapatikana humo, kwa sababu jibu hilo limezoeleka kutolewa na watu wasiokuwa na jibu. Nitakueleza habari ya ua moja na shamba.

Kaskazini-magharibi mwa Marekani kuna nchi ya vilima iitwayo Palouse, yenye udongo mzito uliopeperushwa na upepo zamani za barafu, na leo ni moja ya nchi za ngano zinazojulikana sana huko. Nyasi za asili za Palouse zilizobaki ni chini ya asilimia 1. Katika mabaki hayo, na katika nyasi nyingine za Washington, Idaho, Oregon, Montana na kipande cha Kanada, huishi Silene spaldingii. Si ua la kupendeza. Petali zake ni nyeupe mbichi na hazijitokezi sana nje ya kikombe, na mmea mzima, kuanzia majani hadi vikombe, una vinyweleo vyenye gundi, hata kufikia mwezi wa Agosti unakuwa umeshika vumbi, manyoya ya mbegu za jirani na wadudu wadogo, kama mtu aliyetoka kupura nafaka. Serikali ya Marekani iliuorodhesha kuwa mmea ulio hatarini mwezi wa Oktoba 2001, na mpango wa kuurejesha ukatolewa mwaka 2007.

Ugumu wake ni huu, na ndipo mkulima ananielewa kuliko msomi. Mmea huu una mzizi unaoweza kufika mita moja, na upo mwaka ambao hautoi kitu juu ya ardhi. Haujafa, umelala chini, ukila akiba, na huweza kulala mwaka mmoja, miwili, au zaidi, kisha ukachipua kana kwamba hakuna kilichotokea. Afisa akija mwaka mbaya akahesabu mimea 40, huenda chini ya miguu yake kuna mingine mingi asiyoiona. Akija mwenye trekta akatazama mteremko usio na ua akasema "hapa hapana kitu", atalima juu ya kitu. Ndiyo maana wanaouhifadhi hulazimika kuweka alama kwa kila mmea na kurudi mahali palepale miaka kadhaa mfululizo kabla ya kutoa idadi. Mchavushaji wake mkuu ni nyuki mmoja mnene mwenye manyoya, Bombus fervidus, anayehitaji maua ya aina nyingine pia kuanzia majira ya kuchipua mpaka mwisho wa kiangazi, maana ua moja halimtoshi kuishi. Hivyo huwezi kuhifadhi Silene spaldingii kwa kuizungushia uzio wa mita kumi. Unahifadhi mteremko mzima, pamoja na nyasi zinazoshika udongo usichukuliwe na mvua na nyuki wanaokwenda pia kwenye mashamba ya jirani. Ua ni kipimo tu. Likipungua, umejua kwamba mteremko umeanza kuugua. Shida za maji ulizozitaja, Mzee, nyingi huanzia kwenye miteremko iliyovuliwa nyasi, na hilo unalijua bila mimi kukwambia.

Wala si kila uokoaji ni wa gharama kubwa. Silene tomentosa, inayokaa kwenye majabali ya Gibraltar, ilifikia mwaka 1992 ikidhaniwa imetoweka kabisa. Mwaka 1994 mpanda miamba mmoja aliona mmea mmoja ukining'inia kwenye ufa. Mbegu zilipelekwa benki ya mbegu ya Kew nchini Uingereza, miche ikakuzwa huko na katika bustani ya mimea ya Gibraltar, na mingine ikarudishwa jabalini. Kilichouokoa mwanzoni ni jicho la mtu aliyejua anachokitazama.

Kutoka Bukavu: ni kweli kwamba Warusi waliotesha mbegu ya ua hili iliyokaa miaka elfu thelathini?

Karibu kweli. Mmea uliota, mbegu hazikuota. Katika Siberia, karibu na mto Kolyma, watafiti walikuta mashimo ya kindi wa ardhini, mita 38 chini, katika udongo ulioganda bila kuyeyuka, yakiwa yamejaa akiba ya matunda na mbegu ambayo kindi hakurudi kuila. Humo mlikuwa na matunda ya Silene stenophylla, yaliyopimwa kuwa na umri wa miaka 31,800 hivi. Mbegu zilizokomaa zilikataa. Walichofanya ni kuchukua tishu ya ndani ya tunda changa, ile inayoshika mbegu, na kuikuza maabara hadi ikawa mmea kamili, uliotoa maua, ukachavushwa, ukazaa mbegu zilizoota vizuri. Svetlana Yashina, David Gilichinsky na wenzao walichapisha habari hiyo mwaka 2012. Petali za mmea wa kale zilitofautiana kidogo na za spishi hiyohiyo inayoishi leo mahali palepale.

Naishi Edinburgh. Je, ninaweza kuiona Silene viscaria bila kwenda mbali?

Unaweza. Inaota kwenye miamba ya volkeno ya Arthur's Seat, ndani ya Holyrood Park, na imejulikana hapo tangu karne ya 17. Idadi yake huko ilipungua sana, na bustani ya mimea ya mji wenu imeshirikiana na walinzi wa hifadhi kukuza miche na kuirudisha. Nenda mwishoni mwa Mei au Juni, uangalie kwa mbali. Miamba hiyo inaporomoka, na miguu ya watu wenye nia njema imekanyaga mimea mingi kuliko ya wenye nia mbaya.

Rafiki yangu amesema kuna ua la jamii hii linalochavushwa na mbu. Sisi wa Kilombero tungependa kujua, tusije tukaletewa.

Lipo: Silene otites ya Ulaya, lenye maua madogo ya kijani-njano. Usiku harufu yake huwavuta nondo na mbu pia. Mbu wote, dume na jike, hunywa mbochi ili kupata nguvu. Damu ni ya jike peke yake, kwa ajili ya mayai. Ua halizalishi mbu. Maji yaliyotuama kwenye kifuu ndiyo yanayowazalisha.

Mimi ni mama mkulima, nalima ngano na viazi nyanda za juu, Njombe. Je, mimea hii ipo hapa kwetu, au ni ya wazungu tu? Na ninaweza kuagiza mbegu?

Mama, ipo. Silene burchellii ni ya Afrika hasa, nayo imeenea kutoka Ethiopia hadi Rasi ya Tumaini Jema, ikipita katika nyasi za milimani za Kenya, Uganda na Tanzania. Ni mmea mwembamba wenye mzizi mgumu, na maua yake hufunguka jioni, ndiyo sababu wanaopita mchana huiona kama jani tu lenye vikombe vilivyosinyaa. Ipo pia Silene gallica, mgeni mdogo kutoka Ulaya aliyeingia Afrika ya Mashariki na kuwa gugu la nyanda za juu. Kwao Uingereza gugu hilohilo limekuwa adimu kwa sababu ya dawa za magugu na ngano inayopandwa mapema, na watu wa hifadhi huliachia kingo za mashamba zisizopigwa dawa. Huku kwetu hakuna sababu ya kulibembeleza. Palilia kama kawaida.

Kuagiza mbegu sikushauri. Kisheria utahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania wanaohusika ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Zaidi ya hapo, jenasi hii ina historia ya kuhama na kuwa kero: Silene latifolia yenye ugonjwa niliomweleza msomaji wa Mombasa ilitoka Ulaya ikaenea Marekani, na wakulima wa huko hawaisifu.

Ukitaka kuitafuta ile ya kwetu, panda kwenye nyasi ambazo hazijalimwa, baada ya mvua, jua likikaribia kuzama. Tafuta bua jembamba lenye majani mawili mawili yanayokabiliana na mafundo yaliyovimba kidogo, na kikombe kirefu chenye mistari kinachoshika petali tano zilizopasuka katikati. Usiing'oe, kwa sababu mzizi ukikatika haurudi. Piga picha ya ua kutoka mbele, ya kikombe kutoka ubavuni na ya fundo moja la bua, kisha tuandikie ukitaja kijiji na saa uliyoiona ikiwa wazi.